Arkidikoni Hudson Stuck na Mlima Denali

Mara hii tumkumbuke mtumishi wa Kanisa letu ambaye dunia inamjua kwa sababu ya mlima.

Hudson Stuck alizaliwa London mwaka 1863. Alihamia Marekani akiwa kijana, na huko akasomea upadre. Mwaka 1904 alikwenda Alaska, kaskazini ya mbali, akawa Arkidikoni wa Yukon. Wakati wa baridi alizungukia makanisa yake kwa sleji ya kukokotwa na mbwa, na wakati wa joto kwa mashua.

Huko uko mlima mrefu kuliko yote ya Amerika ya Kaskazini, mita 6,190, umejaa theluji na mito ya barafu. Wenyeji waliuita Denali, maana yake Ulio Mrefu. Wageni wakaupa jina la McKinley, mwanasiasa ambaye hakuwahi kufika Alaska. Stuck hakupendezwa kabisa na jambo hilo.

Machi 1913 aliondoka Nenana pamoja na Harry Karstens, Robert Tatum na Walter Harper, kijana wa miaka 20 ambaye mama yake alikuwa mwenyeji wa nchi ile. John Fredson, mwanafunzi wa misheni, aliachwa peke yake kulinda kambi ya chini. Njiani moto uliteketeza mahema, sukari na maziwa yao. Tena tetemeko la mwaka 1912 lilikuwa limevunjavunja njia, ikabidi wachonge ngazi katika barafu kwa majuma kadhaa.

Tarehe 7 Juni walifika kileleni, pasipofikiwa na mtu kabla yao. Aliyetangulia kupakanyaga ni Harper. Stuck alifika akitweta, nusura azimie. Kisha wakasali Te Deum. Waliposhuka, walimkuta Fredson amewawekea sukari ya posho yake, hakuigusa mwezi mzima.

Katika kitabu chake cha mwaka 1914, Stuck alieleza wazi kwamba Harper ndiye wa kwanza, akaomba jina Denali lirudishwe. Harper alikufa maji mwaka 1918, meli ilipozama, akiwa safarini kwenda kusomea udaktari. Stuck alifariki Fort Yukon mwaka 1920, akazikwa huko huko.

Serikali ya Marekani ililirudisha jina Denali mwaka 2015, ikaliondoa tena mwaka 2025. Lakini sisi tunajifunza kwa Arkidikoni huyu kwamba anayekwenda kuhubiri ugenini hana ruhusa ya kuwanyang'anya wenyeji heshima yao, wala majina yao.