BIBI KANJOGERA, MAMA WA MFALME ALIYEFIA KAMEMBE

Askari aliyepata kushika zamu Kamembe, katika wilaya ya Rusizi iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Cyangugu, anaifahamu vema sura ya mahali pale. Ziwa Kivu limetanda, mto Rusizi unachomoka ziwani kuelekea kusini, na ng'ambo ya pili Bukavu inaonekana wazi. Lakini si kila apitaye hapo ajuaye kwamba ndipo alipofia, mwaka 1933, mwanamke mzee ambaye kwa muda wa miaka 35 mambo makubwa ya Rwanda hayakukatwa bila shauri lake.

Bibi huyo ni Kanjogera, binti Rwakagara, wa ukoo wa Abega. Aliolewa na Mfalme Kigeli Rwabugiri, jemadari aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake vitani. Mwaka 1889 Rwabugiri alimtangaza mwanawe Rutarindwa kuwa mrithi. Desturi ya Rwanda ilitaka mfalme atawale pamoja na mama yake, aitwaye umugabekazi. Na kwa kuwa mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amekwisha kufa, Rwabugiri alimteua Kanjogera ashike nafasi hiyo. Hapo ndipo jemadari yule alipokosea hesabu. Alimkabidhi mtoto wake kwa mlinzi aliyekuwa na mwana wa kumzaa mwenyewe, kijana Musinga, na aliyekuwa na kaka shupavu waitwao Kabare na Ruhinankiko.

Rwabugiri alifariki mwaka 1895 katika Ziwa Kivu, akiwa safarini kuwapiga Washi. Mwaka uliofuata maofisa wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi, si mbali na Kamembe. Jeshi la Rwanda likawaendea kwa mikuki na pinde, likapokewa kwa bunduki. Bisangwa, mmoja wa wakuu walioachwa na Rwabugiri wamlinde Rutarindwa, aliuawa pale. Mlinzi mwingine, Mugugu, naye akaangamizwa kwa fitina za baraza. Hivyo kabla ya kuanza vita halisi mfalme mpya alikuwa amekwisha kuvuliwa ngao zake.

Vita vyenyewe vilipiganwa Rucunshu, mwishoni mwa mwaka 1896. Husimuliwa kwamba watu wa Kabare walipoanza kurudi nyuma, Kabare alimnyanyua Musinga juu ili wapiganaji wamwone wanayempigania, nao wakageuka na kushambulia upya. Rutarindwa alipoona ameshindwa alijifungia nyumbani pamoja na mkewe na watoto, akatia moto. Ngoma ya ufalme, Kalinga, iliteketea humo. Musinga akapewa jina la Yuhi, na mama yake akaitwa Nyirayuhi. Katika miezi iliyofuata wana wengine wa Rwabugiri waliuawa au walijiua wenyewe. Hapana haja ya kulipamba jambo hili: kiti kile kilipatikana kwa damu ya jamaa, naye Bibi Kanjogera alikijua kisa chote tangu mwanzo.

Lakini aliyedhani kwamba nguvu zake zilikuwa za mabavu peke yake alidanganyika. Mwezi Machi 1897 Kapteni Ramsay, ofisa wa Kijerumani, alifika barazani na kutaka kuonana na mfalme. Mama na kaka zake hawakumtoa mtoto wao mbele ya mgeni mwenye bunduki wasiyemjua nia. Walimketisha kitini mtu mzima, Mpamarugamba, naye ofisa yule akampa heshima zote za kifalme, akaacha na bendera. Mwaka 1900, Askofu Hirth wa Mapadri Weupe alipofika Nyanza kuomba mahali pa kujenga misheni, ni Mpamarugamba yule yule aliyempokea. Polisi ambaye kazi yake ni kukagua vyeti vya watu hatakosa kutabasamu.

Bendera ile ilikuwa na faida yake. Baraza lililoingia kwa njia ya Rucunshu lilikuwa na maadui wengi nyumbani, na kwa hiyo lilihitaji rafiki wa nje. Mwaka 1912 Ndungutse alipoinua watu wa kaskazini kwa jina la nyumba ya Rutarindwa, ni majeshi ya Wajerumani yaliyomwua. Bibi alikubali ulinzi wa wageni ili kukilinda kiti cha mwanawe, na pengine wakati ule hakuwa na njia nyingine. Ila mlinzi aliyezoea kuingia ndani ya nyumba haombi tena ruhusa.

Masimulizi humtaja akiwa na upanga wake, Ruhuga, na kueleza watu aliowaua kwa mkono wake. Mengine yanasema kwamba alipotaka kuinuka alijiegemeza juu ya panga zilizochomekwa katika miili ya watoto. Hadithi hii ya mwisho wachochezi wa chuki waliitumia miaka ya 1990 kuwatia watu sumu, na mwandishi huyu haiamini. Ukali wake wa kweli watosha. Hauhitaji kuongezewa uvumi.

Wabeljiki waliingia mwaka 1916. Wao hawakuwa na subira ya kuongozwa na bibi mzee. Mwaka 1917 Musinga alilazimika kutangaza uhuru wa dini. Mwaka 1925 Gashamura, mkuu wa watunza siri za ufalme, alihamishiwa Burundi, na sherehe ya umuganura ikapigwa marufuku. Watoto wa wakuu waliingia shule na kubatizwa, ilhali mama na mwana walisimama pale pale, wakikataa. Tarehe 12 Novemba 1931 Musinga aliambiwa kwamba si mfalme tena. Mwanawe Rudahigwa akatawazwa, na mahali pa umugabekazi pakashikwa na Kankazi, ambaye alikuwa mtoto wa kaka yake Kanjogera. Kwa hiyo hata siku ile ya kushindwa, Abega hawakutoka Nyanza.

Bibi angeweza kubaki nyuma akiwa mzee wa ukoo. Alifuatana na mwanawe hadi Kamembe, ng'ambo ya milima ya Nyungwe, akaishi huko miaka yake miwili ya mwisho. Mbele yake lilikuwa ziwa lile lile ambamo Rwabugiri alikufa, na upande wa pili nchi ya Washi ambayo mumewe aliikusudia. Musinga alibaki Kamembe hadi mwaka 1940, Wabeljiki walipomvusha kwenda Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, naye hakurudi tena Rwanda.