Mama Kevina na Mabinti Wanane wa Nkokonjeru

Katika parokia zetu za Kibondo na Kasulu kuna kazi ambayo ni nadra kuonekana katika taarifa ya mwaka. Mama wa jumuiya huamka kabla ya jogoo, hukoroga uji, huufunika kwa kitambaa na kutembea nao mpaka hospitali, kwa mgonjwa asiye na ndugu wa karibu. Mwingine hubeba ndoo za maji siku nzima ili mafundi wa kigango wapate kuchanganya udongo wa matofali. Mwingine hulala msibani siku tatu, akiwapikia wafiwa maharage na ugali wa muhogo, huku shamba lake mwenyewe likisubiri palizi. Hakuna anayelipwa, na mara nyingi hakuna anayeshukuriwa.

Hata hivyo, tukiulizwa ni nani anayefanya kazi ya huruma katika wilaya zetu, wengi wetu tutaonyesha kidole magari ya mashirika yanayopita barabarani kuelekea kambi za wakimbizi. Hatuyalaumu mashirika hayo, maana yameokoa uhai wa watu wengi. Lakini tumekwisha kuona mara kadhaa jinsi yanavyokuja na jinsi yanavyoondoka. Swali linalobaki ni hili: wageni wakifunga mizigo yao, huruma itabaki mikononi mwa nani?

Kwa ajili ya swali hilo tumeona vema kusimulia maisha ya mtawa mmoja ambaye naye alikuja Afrika Mashariki akiwa mgeni. Wazee wengi wa Uganda na Kenya wanamfahamu kwa jina la Mama Kevina. Alifariki mwaka 1957, lakini kazi yake haikufa naye, na sababu ya kutokufa kwake ndiyo tunayotaka tuitafakari pamoja.

Yatima wa Ireland

Jina lake la ubatizo lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, katika Wicklow nchini Ireland. Hakumwona baba yake, kwa sababu baba alifariki miezi michache kabla ya yeye kuzaliwa. Alipofikia umri wa miaka kumi, mama yake naye alifariki. Bibi yake mzaa mama akamchukua na kumlea, akamfundisha sala na moyo wa kuwahurumia maskini. Teresa alipokuwa na umri wa miaka 17, bibi huyo naye akaitwa na Mungu.

Tunaitaja misiba hiyo mitatu kwa makusudi. Mtu aliyeyapoteza mengi mapema anaweza kuufunga moyo wake, au anaweza kuufungua. Teresa aliufungua. Alifanya kazi ya ualimu kwa muda, kisha mwaka 1895 akavuka bahari kwenda London na kujiunga na Masista Wafransisko wa Abasia ya Mtakatifu Maria huko Mill Hill. Mwaka 1898 aliweka nadhiri zake na kuitwa Sista Maria Kevin wa Mateso Matakatifu.

Matamanio yake ya kwanza yalikuwa kwenda Marekani kuwahudumia watu weusi, ambao wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa watumwa. Alijitolea kwa kazi hiyo, akasubiri miaka mitatu bila kutumwa. Hatimaye wito ulikuja kutoka upande mwingine wa dunia. Askofu Henry Hanlon, Mmisionari wa Mill Hill aliyeiongoza Vikarieti ya Nile ya Juu nchini Uganda, aliomba masista wa kuwahudumia wanawake na wasichana, maana wamisionari wanaume hawakuweza kuwafikia kama ilivyopasa. Desemba 1902 Sista Kevin na wenzake watano waliondoka London. Tarehe 15 Januari 1903 walifika kilimani Nsambya, Kampala.

Chini ya mwembe

Walifika katika miaka ya majonzi. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, na watu zaidi ya laki mbili walipoteza maisha katika mlipuko ule. Malaria na ndui navyo havikupumzika. Masista hawakuwa na jengo la hospitali, wala hawakuwa na daktari. Walianza na walichokuwa nacho, yaani kivuli cha mwembe, dawa chache na maji safi. Wagonjwa waliketi chini ya mti ule, nao wakawaosha vidonda, wakawafunga, wakawapa dawa na neno la faraja. Hospitali ya Nsambya, inayojulikana leo katika nchi zote za jirani, mizizi yake iko hapo.

Mwaka 1906 wakaenda kuanzisha kituo kingine Nagalama. Shule zikafunguliwa, na wasichana ambao hapo awali hawakuwa na nafasi darasani wakaanza kujifunza kusoma, kushona na kutunza afya. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofika, Nsambya ilipokea wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, nao walirudi wakiwa wamechoka, wagonjwa na wenye majeraha. Wapagazi hao ndio watu waliosahaulika kuliko wote katika vita ile, na Mama Kevin aliwahudumia.

Kuzaa bila kufa

Hata hivyo, jambo lililomkosesha usingizi zaidi lilikuwa vifo vya wanawake wakati wa kujifungua, pamoja na vifo vya watoto wachanga. Hapo alikutana na kikwazo kikubwa. Sheria ya Kanisa ya wakati ule haikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba kazi hiyo haipatani na nadhiri ya usafi wa moyo. Mama Kevin alikuwa mtawa mtii. Lakini utii wake haukumfanya ayafumbe macho mbele ya mama anayekufa.

Alitafuta njia nyingine. Akishirikiana na Daktari Evelyn Connolly, mlei aliyejitolea kufanya utume Afrika, alianzisha Nsambya shule ya wauguzi na wakunga. Waliofundishwa humo walikuwa wasichana wa nchi ile ile. Wapo waliopinga mpango huo, hata miongoni mwa watu wa Kanisa. Wapo waliosema kwamba mabinti wa Kiafrika hawangeweza kazi inayodai elimu na uthabiti wa namna hiyo. Mabinti wenyewe walijibu kwa kazi yao. Walihitimu, wakarudi vijijini, wakawapokea watoto salama.

Miaka kadhaa baadaye, tarehe 11 Februari 1936, Roma yenyewe ilitoa hati ya kuwaruhusu watawa wanawake kusomea na kufanya kazi ya ukunga katika nchi za misioni. Hati hiyo ilitokana na maombi ya watu wengi, na Mama Kevin alikuwa miongoni mwa waliokwisha kuonyesha kwa matendo kwamba hitaji lilikuwa la kweli. Kila mara tunapomwona sista mkunga akiingia zamu katika hospitali ya Kanisa, tukumbuke kwamba mlango ule haukuwa wazi siku zote.

Mabinti wanane

Sasa tunafika kwenye kiini cha simulizi yetu. Mwaka 1923 wasichana wanane wa Uganda waliomba kuishi maisha ya kitawa ili wawahudumie watu wao. Mama Kevin angeweza kuwapokea kama wasaidizi wa masista Wazungu, wakapika, wakafua na kufagia, huku maamuzi yakibaki kwa wageni. Utaratibu wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida katika siku zile. Yeye alichagua njia nyingine. Aliwaanzishia shirika lao wenyewe, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, lenye nyumba mama Nkokonjeru. Aliwalea kwa lengo kwamba siku moja waongoze wao wenyewe.

Wanane tu! Hata wanajumuiya waliokuja kusali rozari nyumbani kwa jirani yetu juzi huenda walizidi idadi hiyo. Lakini kutoka kwa wanane hao limekua shirika ambalo leo linafundisha, linauguza na kuwatunza wasiojiweza nchini Uganda, Kenya na Tanzania. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikwenda hatua moja mbele, maana alimwezesha mwenyeji kumponya mwenyeji mwenzake.

Kazi zilizofuata zote zilipita katika mikono hiyo mingi. Mwaka 1932 kilifunguliwa kituo cha wagonjwa wa ukoma Nyenga, na mwaka 1934 kingine Buluba, wakati ambapo mwenye ukoma alifukuzwa hata na ndugu wa damu. Nkokonjeru ikapata nyumba ya kuwatunza wazee na walemavu. Mwaka 1942 ikaanzishwa shule ya wasichana ya Mount Saint Mary's Namagunga, iliyotoa wanawake wengi wasomi. Na mwaka 1952 masista wa kimisionari aliokuwa akiwaongoza wakawa shirika linalojitegemea, Masista Wamisionari Wafransisko kwa ajili ya Afrika, naye akawa mkuu wao wa kwanza.

Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 80, aliacha uongozi. Mtu wa umri huo angestahili kupumzika. Yeye alikwenda Boston, Marekani, akaendelea kuzunguka akiomba misaada kwa ajili ya Afrika. Huko ndiko alikofariki tarehe 17 Oktoba 1957. Alizikwa Ireland, nchi aliyozaliwa, lakini Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika. Waliomba mama yao arudishwe. Desemba mwaka huo huo mwili wake ulisafirishwa kwa ndege na kuzikwa Nkokonjeru, miongoni mwa binti zake. Mwaka 2016 Jimbo la Lugazi lilifungua rasmi mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Maana yake ni kwamba tunaweza kuomba maombezi yake katika sala zetu binafsi, ingawa Kanisa bado halijaruhusu aheshimiwe hadharani katika liturujia.

Watu wa kawaida, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao. Nchini Uganda jina lake liligeuka kuwa neno la lugha: kevina ni hospitali, au nyumba yoyote ya huruma.

Na sisi je?

Maandiko Matakatifu yanamtaja Tabitha wa Yafa, aliyewashonea wajane kanzu na mavazi. Alipofariki, wajane wale hawakumweleza Petro sifa zake kwa maneno matupu, bali walimwonyesha nguo alizowashonea. Mama Kevin ni wa ukoo huo huo wa imani, na mama zetu wa Kibondo na Kasulu ni wa ukoo huo pia. Chama chetu cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, kilichoanzishwa mwaka 1972, kimesimama juu ya msingi huo wa sala na huduma. Kutoa ni moyo, na moyo huo tumeushuhudia.

Lakini maisha ya mtawa huyu yanatupa pia onyo, nasi mapadre tuwe wa kwanza kulipokea. Mara ngapi tumewaita akina mama kupika siku ya somo wa parokia, tusiwaite siku ya kupanga bajeti ya sherehe hiyo? Mara ngapi tumeusifu moyo wao wa kujitolea mimbarini, kisha tukashindwa kumtafutia hata mmoja wao nafasi ya kujifunza kuwahudumia wagonjwa nyumbani, kutunza hesabu za kikundi, au kumsikiliza mtu mwenye msongo wa mawazo? Tunaichukua nguvu yao na kuacha akili yao. Mama Kevin hakufanya hivyo. Kwake, kumpenda binti wa Kiafrika kulikuwa na maana ya kumfundisha, kumkabidhi kazi na kumwamini.

Nanyi akina baba, siku mama anapokwenda kumtembelea mgonjwa, je, anarudi na kukuta kuni zimepasuliwa na watoto wamekula, au anakuta lawama mlangoni? Kujitolea kwa mke kunabebwa na nyumba nzima, au kunamvunja mgongo yeye peke yake.

Kwenu mama zetu na dada zetu tunaomba jambo moja dogo. Unapokwenda kutoa huduma, usiende peke yako. Mchukue binti mmoja, awe wako au wa jirani, ashike chupa ya uji, aone jinsi mgonjwa anavyoinuliwa kitandani, ajifunze kusali karibu na mtu anayeteseka. Ukifanya hivyo mwaka mzima, utakuwa umemwachia Kanisa mtu wa kuendeleza kazi siku ambayo magoti yako yatakataa kupanda mlima.

Jumuiya zetu zikiwa na mabinti wanane tu walioandaliwa hivyo katika kila kigango, hatutakuwa na hofu mashirika yanapoondoka. Mungu, aliyemwita yatima wa Ireland kuwa mama wa wengi Afrika, awabariki wanawake wa nyanda zetu hizi za juu, naye atujalie sisi sote kuiona kazi yao kabla ya siku ya kuwazika. Amina.