Walt Disney: Baba Aliyekaa Kwenye Benchi

Katika miaka ya 1940, mjini Los Angeles nchini Marekani, alikuwako baba mmoja ambaye mwisho wa juma aliwachukua binti zake wawili akawapeleka katika bustani ya Griffith Park. Humo mlikuwa na bembea kubwa ya farasi wa mbao, iliyozunguka huku muziki ukilia. Watoto walipanda, wakazunguka, wakacheka. Baba alikaa pembeni kwenye benchi akitafuna karanga. Alifurahi kuwaona wanawe wakifurahi, lakini yeye mwenyewe alichoka kwa kungoja, maana mahali pale hapakuwa na jambo ambalo mtu mzima angeweza kulifanya pamoja na mtoto. Baba huyo alikuwa Walt Disney, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuenea duniani kwa sinema zake za katuni.

Askari na polisi wengi wa Bujumbura wanalijua benchi hilo, ijapokuwa hawajafika Los Angeles. Mtu ametoka zamu ya usiku, au amerudi nyumbani kwa likizo fupi baada ya miezi mingi kambini. Watoto wanamvuta shati: wanataka kwenda ufukweni mwa Tanganyika, au kuwatazama mamba wa Musée Vivant. Moyo unataka kwenda, na moyo huohuo unataka kulala. Mfukoni mna fedha za chakula na za madaftari, wala si za matembezi. Tena anajua kwamba akikataa, siku hiyo haitarudi. Maisha ya Walt Disney yanafaa kusimuliwa kwa wazazi wa namna hiyo, kwa sababu bustani mashuhuri aliyoijenga ilizaliwa na hisia hizo mbili zinazogombana.

Walter Elias Disney alizaliwa Chicago tarehe 5 Desemba 1901. Baba yake, Elias, alikuwa seremala, na alikuwa miongoni mwa mafundi waliojenga Maonyesho Makubwa ya Dunia yaliyofanyika katika mji huo mwaka 1893. Mtu huyo aliyesaidia kujenga mahali pa kuushangaza umati hakuwa na nafasi ya michezo nyumbani kwake. Mwaka 1906 aliihamishia jamaa yake shambani Marceline, katika jimbo la Missouri. Wanawe wawili wakubwa walichoshwa na ukali wake, wakatoroka. Shamba lilipomshinda alihamia Kansas City mwaka 1911, akachukua kazi ya kupeleka magazeti majumbani. Miongoni mwa wapelekaji walikuwamo wanawe, Roy na Walt. Walt alikuwa na umri wa miaka tisa. Kwa muda wa miaka sita aliamka kabla ya mapambazuko, iwe mvua au theluji, na baba yake hakumlipa kitu. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa akikuta vichezeo vilivyoachwa barazani na watoto wa watu wenye nafasi. Alikaa gizani akavichezea kidogo, kisha akavirudisha mahali pake na kuendelea na safari yake.

Haifai kumhukumu Elias upesi. Alikuwa mtu maskini aliyeshindwa mara nyingi, na kila saa ya mchezo ilikuwa kwake saa iliyoibwa kutoka katika riziki ya watoto walewale. Wazazi wengi hukataa kwa sababu ya upendo, ila mtoto haoni upendo ndani ya kukataliwa.

Mwaka 1918, Walt akiwa na miaka 16, alitaka kwenda vitani Ulaya kama kaka zake. Umri haukumruhusu kuingia jeshini, basi akaomba kuendesha magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu. Baba alikataa kutia sahihi, akiona kwamba angekuwa ametia sahihi kifo cha mwanawe. Mama, Flora, hakupenda pia, lakini aliona ni heri kujua mtoto alipo kuliko kumpoteza kwa kutoroka kama wale wawili wa kwanza. Akatia sahihi. Baada ya hapo kijana aliugeuza mwaka wake wa kuzaliwa katika hati ili aonekane mkubwa, kosa ambalo hakuna polisi atakayelisifu. Alipofika Ufaransa silaha zilikuwa zimekwisha kunyamaza tangu tarehe 11 Novemba. Aliendesha magari, akachora picha za kuchekesha ubavuni mwa gari lake, akarudi kwao mwaka 1919.

Kazi yake haikuanza kwa neema. Kampuni yake ya kwanza ya katuni, pale Kansas City, ilifilisika mwaka 1923. Mwaka huohuo alikwenda California, akaanza upya pamoja na kaka yake Roy. Mwaka 1925 alimwoa Lillian Bounds. Mwaka 1928 alinyang'anywa kwa mkataba sungura wake wa katuni aliyeitwa Oswald, na kabla ya mwaka kwisha akamleta panya Mickey, ambaye sinema yake ilipigwa New York tarehe 18 Novemba 1928, picha zikienda sambamba na sauti. Mwezi Desemba 1937 alionyesha Snow White, katuni ndefu ambayo wengi walitabiri kwamba ingemmaliza. Badala ya kummaliza ilimtajirisha.

Utajiri huo ulimletea ubaba wenye hofu. Diane alizaliwa mwaka 1933, na Sharon, aliyezaliwa mwaka 1936, alilelewa naye tangu uchanga. Nchini Marekani watu walikuwa hawajasahau jinsi mtoto mchanga wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh alivyoibwa nyumbani mwaka 1932 na kuuawa. Disney, ambaye uso wake ulijulikana kila mahali, aliwaficha binti zake machoni pa waandishi wa magazeti. Hata hivyo aliwapeleka hadharani, kwenye ile bembea, pamoja na watoto wa watu wote. Mlinzi yeyote atatambua mvutano huo: anayejua hatari zilivyo ndiye apataye taabu zaidi kumwachilia mtoto mkono.

Aliijua pia huzuni ya zawadi inayogeuka msiba. Yeye na Roy waliwanunulia wazazi wao nyumba huko California. Mwezi Novemba 1938 hewa yenye sumu ilivuja kutoka katika mtambo wa kupasha nyumba joto, ikamwua mama yao. Walt hakupenda kulizungumza jambo hilo maisha yake yote.

Mwaka 1941 wafanyakazi wake waligoma. Alikuwa amejiona kama baba yao, naye akashangaa kwamba watoto wanadai mshahara. Uchungu huo ulimkaa, na mwaka 1947 alisimama mbele ya kamati ya Bunge akawataja baadhi yao kuwa wakomunisti. Marekani ilipoingia vitani mwezi Desemba 1941, kikosi cha askari wa mizinga ya kutungua ndege kilihamia katika majengo yake, kikakaa huko kwa miezi kadhaa. Wachoraji waliofunza dunia kucheka wakawa wanachora filamu za kufundishia jeshi.

Ni katika miaka hiyo, kwenye benchi la Griffith Park, ndipo wazo lilipomjia: pajengwe mahali ambapo mzazi na mtoto watacheza pamoja. Viwanja vya burudani vya wakati ule vilikuwa na sifa mbaya. Vilikuwa na taka, ulevi na wezi wa mifukoni. Lillian mwenyewe hakuelewa kwa nini mumewe ajitie katika biashara chafu kama hiyo. Roy, mshika fedha, naye alisita. Mwaka 1951 Walt alizuru bustani ya Tivoli, Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, akaona watu wazima na watoto wakitembea pamoja katika usafi na taa nzuri. Akarudi ameshikilia neno lake. Alikopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha, akafanya mapatano na kampuni ya televisheni ya ABC, na mwezi Julai 1954 kazi ikaanza Anaheim, katika shamba la machungwa la ekari 160. Gharama ilifika dola milioni 17.

Disneyland ilifunguliwa Jumapili, tarehe 17 Julai 1955. Mji wetu wakati huo ulikuwa bado ukiitwa Usumbura, chini ya Wabelgiji. Siku ile ilikuwa taabu tupu. Tikiti bandia zilijaza watu wengi kupita walioalikwa. Jua lilikuwa kali hata lami mbichi ikanasa visigino vya wanawake. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma, na Disney alilazimika kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa, akachagua vyoo. Wazazi wakazunguka na watoto wenye kiu. Lakini kabla ya miezi mitatu kupita, watu milioni moja walikuwa wamekwisha kuingia.

Aliweka lango moja tu, ili watu wasipoteane. Alikataza kuuza pombe. Alizungushia ukuta wa udongo ili mji usionekane, na garimoshi likapita juu yake. Farasi wote wa bembea yake walitengenezwa wakiwa katika mruko, kusudi mtoto yeyote asipate farasi aliyesimama. Ila hakuliondoa lile suala la mfukoni. Mtu mzima alilipa dola moja mlangoni na mtoto senti 50, kisha kila mchezo ukadai senti 10 hadi 35 juu yake. Baba mwenye watoto wanne alihesabu siku nzima. Mahali palipojengwa ili mzazi acheke na mwanawe pakawa pia mahali pa kukunjia uso.

Jambo jingine linatuhusu sisi Waafrika. Mojawapo ya michezo ya kwanza ilikuwa safari ya mashua katika mto wa kubuni, wenye viboko na mamba. Disney alitaka wanyama hai, lakini alishauriwa kwamba wangelala mchana kutwa, hivyo wakatengenezwa wa mitambo. Kandokando ya mto waliwekwa pia masanamu ya watu wa porini, yakiwaonyesha kama washenzi wa kuchekwa. Mwaka 2021 ndipo kampuni ilipoanza kuyaondoa. Mtoto wa Bujumbura, ambaye usiku huweza kumsikia kiboko wa kweli akitoka ziwani kula majani, hana la kuonea wivu katika mto ule. Mzazi asijione mnyonge kwa kukosa nauli ya kwenda kutazama kiboko wa chuma.

Wala si maskini peke yao waliokosa kuingia. Mwezi Septemba 1959 Nikita Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alifika Los Angeles akitaka kuiona Disneyland. Polisi waliona kwamba hawawezi kuuhakikisha usalama wake, safari ikafutwa, naye akakasirika mbele ya watu kama mtoto aliyenyimwa. Mtu mwenye mabomu ya nyuklia alikosa kupanda bembea. Msomaji aliyewahi kusimama lindoni atajua wale maofisa wa polisi walikuwa na mzigo gani.

Walt Disney alikuwa na chumba chake juu ya kituo cha zimamoto ndani ya bustani ile, na mara nyingi alitembea humo akiwatazama wageni. Alikufa kwa saratani ya mapafu tarehe 15 Desemba 1966, akiwa na umri wa miaka 65, baada ya kuvuta sigara kwa miaka mingi. Roy aliahirisha kustaafu ili aimalize bustani ya pili, kule Florida. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, ikipewa jina kamili la ndugu yake, na Roy akafa mwezi Desemba wa mwaka huohuo. Baadaye zilifuata Tokyo mwaka 1983 na Paris mwaka 1992. Katika jumba moja la Disneyland limehifadhiwa benchi kutoka Griffith Park, na wageni huonyeshwa kuwa hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Kijana aliyevichezea gizani vichezeo vya watoto wengine alitumia mamilioni ya dola ili baba asikae pembeni. Sisi hatuna mamilioni hayo, na kwa kweli hayahitajiki. Jumapili jioni, ufukwe wa Tanganyika umejaa watoto, na mara nyingi baba zao wako mezani, migongo yao ikielekea ziwa, chupa zikiwa mbele yao. Hilo nalo ni benchi. Ni benchi la hatari kuliko lile la Los Angeles, kwa kuwa viboko na mamba wa ziwa hili si wa mitambo, na maji hayana huruma kwa mtoto anayeogelea peke yake.

Basi askari aliyechoka ana haki ya kuchoka, na asiye na fedha ana haki ya kusema kwamba hana. Hakuna aibu katika maneno hayo. Lakini akishafika ufukweni na mwanawe, na akunje suruali yake, aingie majini hadi magotini, amshike mkono.