Bernardino Ramazzini, daktari aliyemuuliza mgonjwa anafanya kazi gani

Mvuvi wa Nyanza-Lac anaporudi ufukweni na kidole kilichokatwa na kamba ya wavu, hakuna anayemuuliza jeraha hilo limetoka wapi. Ni vivyo hivyo kwa kijana aliyeungua mkono akichemsha mawese huko Rumonge. Lakini karani aliyejaza daftari za vizazi na vifo kwa miaka 15, au mhasibu wa ushirika wa akiba anayepiga kompyuta tangu asubuhi hadi jioni, akisema kwamba vidole vimekufa ganzi na kalamu inamponyoka, huambiwa ni baridi ya ziwani, ni umri, au usiku ameulalia mkono. Hana kovu la kuonyesha. Na maumivu yasiyohusishwa na kazi hayamfikishi mtu popote anapokwenda kudai fidia.

Mmoja wa watu wa kwanza kuyahusisha mambo hayo mawili kwa maandishi alikuwa daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Ramazzini alizaliwa mwaka 1633 katika mji mdogo wa Carpi, karibu na Modena, kaskazini mwa Italia. Zama hizo Italia haikuwa bado nchi moja, na eneo hilo lilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Este. Alisomea falsafa na utabibu mjini Parma, akahitimu mwaka 1659, kisha akaenda Roma kujinoa kwa daktari mwenye uzoefu. Kazi yake ya mwanzo ilimpeleka katika vijiji vya mkoa wa Viterbo, kikiwemo Marta, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Bolsena. Huko alipatwa na malaria. Wakaazi wa mwambao wa Tanganyika hawahitaji kuelezwa homa hiyo humfanya nini mtu: kijana huyo alidhoofika hata akalazimika kurejea kwao kutafuta afya.

Mwaka 1671 alihamia Modena, na mwaka 1682 akateuliwa kuwa profesa wa tiba katika chuo kikuu cha mji huo. Huenda angebaki profesa kama maprofesa wengine, lau si tukio lililotokea nyumbani kwake mwenyewe.

Siku moja walikuja vibarua kuzoa shimo la choo cha nyumba yake. Ramazzini alimwona mmoja wao akifanya kazi kwa pupa, kama mtu anayekimbizwa. Akamhurumia, akamuuliza kwa nini asifanye polepole ili asichoke. Kibarua akainua macho na kumweleza kwamba asiyewahi kufanya kazi hiyo hawezi kujua gharama yake, na kwamba anayekaa mle shimoni zaidi ya saa nne hutoka akiwa kama kipofu. Daktari alipoyachunguza macho ya mtu yule aliyakuta mekundu na yamefifia. Baadaye akawatambua wengine wa kazi hiyo mitaani, wakiwa vipofu au nusu vipofu, wakiomba sadaka.

Tangu hapo akaanza kuingia katika karakana na viwanda vidogo, mahali ambapo madaktari wenye kanzu za heshima hawakukanyaga. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba daktari anapoingia katika nyumba ya maskini asitafute kiti cha fahari. Aketi hata juu ya kigoda, aulize kwa subira. Na katika orodha ya maswali ambayo waganga waliyarithi kutoka kwa Hippocrates wa Ugiriki ya kale, aliongeza swali moja: mgonjwa huyu anafanya kazi gani?

Matunda ya uchunguzi huo yalichapishwa kwa Kilatini mjini Modena mwaka 1700, katika kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Aliandika juu ya wachimba migodi, wafinyanzi wanaodhurika kwa risasi, wapaka dhahabu wanaovuta mvuke wa zebaki, wakunga na wanyonyeshaji. Wavuvi wana sura yao. Wakamuaji wa mafuta nao wamo, ingawa yalikuwa ya zeituni na siyo ya michikichi.

Makarani walipata sura yao katika toleo la pili, lililochapishwa mwaka 1713 mjini Padua, alikokuwa amehamia kufundisha. Kwao aliona vyanzo vitatu vya madhara. Kwanza kukaa kitako muda mrefu bila kunyanyuka. Pili mkono kwenda mwendo uleule pasipo kupumzika. Tatu akili kukazwa kwa hofu ya kukosea hesabu na kumtia hasara mwajiri. Sisi tunaofasiri habari huku saa ya taarifa inakaribia tunamwelewa vyema, hususan katika hilo la tatu.

Humo anasimulia habari za mwandishi mmoja aliyekuwa hai bado, aliyetumia maisha yake yote kuandika na kupata pato zuri. Mkono wake wa kulia ulianza kuwa mzito, dawa hazikufaa kitu, mwishowe ukapooza. Hakukata tamaa, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Haukupita muda, wa kushoto nao ukashikwa na maradhi yale yale. Kwa maoni yangu, kisa hicho kinatosha kumjibu anayedai kwamba maumivu ya namna hii ni visingizio vya wavivu.

Hata hivyo, Ramazzini hakuwa na fidia ya kumpa mtu. Aliweza tu kushauri mapumziko, mazoezi ya kiasi na kuchua mkono kwa mafuta, maana hapakuwa na sheria inayomtaka mwajiri kulipa. Sheria zilikuja baadaye sana. Ujerumani ilianzisha bima ya ajali za kazini mwaka 1884. Uingereza iliingiza ugonjwa wa mikono wa wapiga simu za maandishi katika orodha ya maradhi yanayolipiwa fidia mwaka 1908. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1925 ulianza na maradhi matatu tu: sumu ya risasi, sumu ya zebaki na kimeta. Ni katika orodha ya ILO ya mwaka 2010 ambamo yametajwa waziwazi maradhi ya kano za mkono na kubanwa kwa neva katika kifundo cha mkono.

Nchini Burundi, mafao ya ajali na maradhi ya kazini kwa wafanyakazi wenye mkataba yako mikononi mwa taasisi ya hifadhi ya jamii, INSS, na mchango wa tawi hilo hulipwa na mwajiri peke yake. Mwenye kuvua kwa mtumbwi wake au kulima michikichi yake hana mwajiri wa kumlipia. Kwa karani aliyesajiliwa, ugumu uko katika ushahidi. Ganzi ya vidole huweza pia kuletwa na kisukari au ujauzito, na mama anayeandika ofisini kutwa hurudi nyumbani kutwanga sombe na kufua nguo. Anayetaka kuipinga hoja yake atayataja hayo yote. Ndiyo sababu inafaa faili la zahanati lionyeshe tangu siku ya kwanza kazi anayoifanya, saa anazoandika, mkono upi ulianza kuuma na lini, na kama nafuu huja wakati wa likizo. Mara nyingi faili hutaja jina, umri na mlima wa asili, na habari za kazi zikaachwa kando.

Ramazzini mwenyewe alipofika Padua mwaka 1700 alikuwa mzee mwenye afya iliyochakaa. Moyo ulimsumbua, kichwa kilimuuma, na macho yalififia hadi akawa hawezi kusoma. Wajukuu zake ndio waliomsomea na kumwandikia. Aliomba kupunguziwa kazi, lakini wakuu wa Venice, waliotawala mji huo, walimpandisha cheo badala yake. Aliendelea kufundisha hadi tarehe 5 Novemba 1714, siku aliyopatwa na kiharusi akijiandaa kwenda darasani. Alifariki siku hiyo hiyo, akiwa na umri wa miaka 81.