Janusz Korczak na Mahakama ya Watoto

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha uraia aghalabu huanza na orodha: alama za taifa, ngazi za serikali, haki na wajibu wa raia. Orodha hiyo haina ubaya. Lakini mtoto aweza kuikariri yote, akapata alama zote katika jaribio, kisha akatoka uwanjani na kumnyang'anya mwenzake mpira kwa kuwa amemzidi nguvu. Yuko mtu mmoja aliyepambana na tatizo hili kwa miaka thelathini, naye ni Janusz Korczak, daktari wa Kiyahudi wa Polandi. Watu wengi humkumbuka kwa kifo chake. Sisi walimu yatupasa kuitazama zaidi kazi yake ya kila siku.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Henryk Goldszmit. Jina la Korczak alilitwaa mwaka 1898 alipopeleka maandishi yake katika shindano la waandishi. Alizaliwa na kukulia Warsaw, mji uliokuwa wakati huo chini ya utawala wa Urusi. Baba yake, mwanasheria, alipatwa na maradhi ya akili, akafariki mwaka 1896. Kijana ikambidi afundishe watoto wa watu majumbani ili familia ipate riziki. Alisomea udaktari, akatumika katika jeshi la Urusi wakati wa vita na Japani, kisha akatibu katika hospitali ya watoto mjini Warsaw. Mwaka 1912 aliiacha hospitali, akawa mkuu wa nyumba mpya ya yatima wa Kiyahudi katika Barabara ya Krochmalna, akisaidiana na Bibi Stefania Wilczyńska. Bibi huyu hutajwa kwa uchache mno. Korczak alipochukuliwa tena vitani mwaka 1914, ndiye aliyeibeba nyumba nzima.

Nyumba ile ilikuwa na watoto wapatao mia moja, wengi wao wametoka mitaani, wamezoea kwamba mwenye ngumi ndiye mwenye haki. Korczak hakuwahutubia juu ya haki. Aliwapa mahakama.

Mtoto aliyeonewa aliandikisha shitaka lake. Waamuzi walikuwa watoto watano, nao walipatikana kwa kura ya bahati kutoka miongoni mwa wale ambao hawakuwa na kesi juma hilo. Mlezi alikuwa karani: aliandika ushahidi na kusoma hukumu mbele ya wote, lakini hakuwa na kura. Sheria zenyewe zilikuwa na mpango wa ajabu. Vifungu 99 vya kwanza vyote vilikuwa vya kusamehe au kuachilia: huyu hakujua, yule amejuta, mwingine ilikuwa mara yake ya kwanza. Baada ya hapo namba ziliruka kwa mamia. Kifungu cha 100 kilitamka tu kwamba mshitakiwa ametenda kosa na wala hasamehewi. Cha 1000 kilikuwa cha kufukuzwa. Hivyo mwamuzi mwenye umri wa miaka kumi alilazimika kupita kwanza katika sababu nyingi za kumwelewa mwenzake kabla ya kufikia adhabu. Naona hilo ni somo la uraia lisilopatikana kwa kunakili ubaoni.

Hata watu wazima waliweza kushitakiwa. Katika muda wa nusu mwaka Korczak alijipeleka mahakamani mara tano. Kesi moja ilikuwa ya kumpiga mvulana kofi. Nyingine, ya kumshuku msichana kwa wizi. Aliandika baadaye kwamba kesi hizo ndizo zilizomfanya awe mlezi anayetawaliwa na katiba, asiyewaonea watoto kwa sababu sheria inamzuia, wala si kwa sababu tu ana moyo mwema. Hapa ndipo wengi wetu husita. Twahofu kwamba mwalimu akihukumiwa na mtoto heshima itakwisha.

Wala mambo hayakwenda kama maji mtoni. Watoto wengine walishitakiana kwa upuuzi, wakorofi wakaidhihaki mahakama waziwazi, na wapo waliotamani ivunjwe. Korczak aliisimamisha kwa muda, akaruhusu manung'uniko yote yatoke, kisha ikarudi na sheria zilizorekebishwa. Baadaye likaongezwa bunge la watoto. Palikuwapo pia kura ya siri, ambayo kwayo watoto walimpima kila mgeni baada ya muda wa kuishi naye: kuna aliyepewa cheo cha ndugu, na kuna aliyeitwa mkazi tu. Sifichi kwamba mpango huo wa vyeo naona una ukali. Mtoto anayechukiwa na wenzake huenda asiwe na kosa lolote, na kura haiwezi kulionyesha hilo.

Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini asijaribu kuiga yote. Aweza kuanza na daftari moja la mashitaka, lisomwe siku moja katika juma, na waamuzi wachaguliwe kwa bahati nasibu badala ya viranja walewale. Lakini kabla ya siku ya kwanza aamue kama jina lake litaweza kuandikwa humo. Akisema haliwezi, watoto watatambua upesi kwamba mahakama ile ni fimbo nyingine iliyopakwa rangi.

Mwaka 1926 Korczak alianzisha gazeti lililoandikwa na watoto wenyewe, nalo lilitoka hadi vita vilipozuka mwaka 1939. Mwaka uliofuata Wajerumani waliilazimisha nyumba yake kuhamia ndani ya kuta za mtaa waliowafungia Wayahudi. Akiwa mzee na mgonjwa, alizunguka kila siku kuomba chakula cha watoto. Marafiki walimtaka atoroke, alikataa. Mapema Agosti 1942 askari walikuja kuwachukua. Korczak, Bibi Stefania, wasaidizi wao na watoto wapatao 200 walitembea pamoja hadi kwenye garimoshi, wakapelekwa Treblinka, na huko wote wakauawa.