Dakta Janensch na Mifupa ya Tendaguru

Watu wengi wa Mingoyo, na wa Lindi nzima, wamesikia habari za yule mjusi mkubwa aliyechimbwa Tendaguru na kupelekwa Ujerumani. Wachache mno wamesikia jina la mtu aliyemsimamisha tena juu ya miguu yake. Vijana wetu shuleni huulizwa habari za wataalamu wa nchi za mbali, na mara chache sana huulizwa yaliyofanyika nyuma ya vilima vyao wenyewe. Kwa hiyo tumeona yafaa juma hili tueleze maisha ya Dakta Werner Janensch, na pamoja naye habari za watu ambao bila wao asingefika popote.

Janensch alizaliwa tarehe 11 Novemba 1878 katika mji mdogo wa Herzberg, Ujerumani. Alisoma elimu ya miamba na ya viumbe vya kale, akawa daktari wa elimu hiyo (si daktari wa dawa, msomaji asidanganyike), kisha akaajiriwa katika makumbusho makubwa ya viumbe mjini Berlin. Hapo angeweza kumaliza siku zake kwa amani akipanga mawe kabatini, asijulikane na mtu, kama si mfupa mmoja wa Tendaguru.

Mfupa huo aliuona Bernhard Sattler, mhandisi aliyekuwa akitafuta madini katika wilaya ya Lindi, mwaka 1906. Ulikuwa umetokeza juu ya ardhi njiani, karibu na kilima cha Tendaguru, katika nchi ya Wamwera, kilometa 60 hivi kaskazini-magharibi ya Lindi. Vitabu vingi husema kwamba Sattler ndiye aliyeugundua. Sisi twaona neno hilo lina kasoro. Njia ile ilikuwa njia ya watu, na mfupa uliolala njiani hauwezi kuwa siri kwa wale wanaoupita. Lakini Sattler aliandika barua, na barua ikafika mbali. Mwaka 1907 alikuja Profesa Eberhard Fraas wa Stuttgart, akatazama, akachukua mifupa michache, na aliporudi kwao habari zikaenea. Makumbusho ya Berlin yakakusanya fedha, na mwezi wa Aprili 1909 Janensch na mwenzake Edwin Hennig wakashuka bandarini Lindi.

Hapana budi tukumbuke walishuka katika nchi ya namna gani. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, vilikuwa vimezimwa mwaka 1907 kwa bunduki na kwa kuchomwa mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Vijiji vilikuwa vimehamwa. Mtu aliyeshika jembe la kuchimbia mifupa Tendaguru mwaka 1909 alikuwa ameiona njaa hiyo kwa macho yake, na aliyemwajiri alikuwa wa taifa lile lile lililoileta. Hayo tunayasema ili picha iwe kamili, si kwa kumchukia marehemu.

Basi kazi ikaanza, ikaendelea hadi mwaka 1913. Janensch mwenyewe alirudi kwao mwaka 1911, na wataalamu wengine wakapokezana. Wachimbaji waliongezeka mwaka hata mwaka, wakawa wapatao 500, na wengi walikuja na wake zao na watoto, hata chini ya kilima pakatokea kijiji kizima. Walichimba mashimo na mahandaki, wakaisafisha mifupa polepole, maana mfupa uliogeuka jiwe huvunjika kama chungu. Waliufunga kwa plasta au kwa udongo, wakauzungushia vijiti vya mianzi na kuvikaza kwa kamba. Kisha wapagazi wakautwika kichwani au kuuchukua kwa miti mabegani, mwendo wa siku nne hadi Lindi. Hapakuwa na gari wala punda. Zaidi ya tani 200 zilifika baharini kwa shingo za watu.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji hao aliitwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyewafundisha wengine namna ya kufukua bila kuvunja, na wageni walipokuwa mbali naye ndiye aliyeamua shimo lipi liendelee na lipi liachwe. Jicho lililotambua kwamba kipande hiki ni pingili ya uti wa mgongo na kile ni jiwe tupu, mara nyingi lilikuwa jicho la Boheti. Janensch alipata mifupa iliyokwisha kuchambuliwa na mtu mwenye akili, na hilo ni jambo kubwa katika elimu yoyote.

Yaliyotoka katika mashimo yale yalikuwa ya ajabu. Mfupa mmoja wa mguu wa mbele, kutoka begani hadi kiwiko, ulikuwa na urefu wa sentimita 213. Mtu mrefu akisimama kando yake hupitwa. Pia tabaka za udongo zilikuwa zimepangana kwa zamu: tabaka yenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu, juu yake tabaka yenye kombe na viumbe vya baharini, kisha mifupa tena. Maana yake ni kwamba bahari ilikuja na kurudi mara kadhaa juu ya nchi ya Lindi, wapata miaka milioni 150 iliyopita. Mzazi akiulizwa na mtoto wake kama hesabu hiyo yapingana na imani, ajibu bila hofu kwamba haipingani.

Sasa twafika penye maisha hasa ya Janensch. Siku zake Tendaguru zilikuwa miaka miwili hivi, na kuieleza mifupa ile kulimchukua miaka 50. Mwaka 1914 alimpa yule mnyama mkubwa jina la Brachiosaurus brancai, kwa kuwa alimwona ni ndugu wa mnyama aliyepatikana Marekani mwaka 1900. Vita ya kwanza ikaja. Makasha yakafunguliwa moja moja, mifupa ikaunganishwa vipande kwa vipande, na mwaka 1937 mjusi wa Lindi akasimama katika ukumbi wa Berlin. Vita ya pili ikaja na mabomu, na sehemu ya mali ya Tendaguru ikapotea. Mzee akaendelea kupima na kuandika. Mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 82, alitoa kitabu chake juu ya mifupa ya miguu ya wanyama hao. Alifariki tarehe 20 Oktoba 1969.

Wataalamu waliomfuata wamemsahihisha. Mwaka 2009 Mwingereza mmoja alionyesha kwamba mnyama wa Lindi na yule wa Marekani watofautiana mno, wasistahili jina moja, na tangu hapo wa kwetu huitwa Giraffatitan. Uzito wake nao umebishaniwa: mwaka 1962 ulihesabiwa kuwa tani 78, na mwaka 2009 tani 23 tu, maana wa kwanza alipima kiasi cha mfano mnene na wa pili kiasi cha mfano mwembamba. Vipimo vya mifupa alivyoandika Janensch ndivyo vilivyowawezesha wengine kumpinga, nasi twadhani hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko ukumbi wa Berlin.

Kuhusu mifupa kurudishwa, swali limeulizwa Bungeni zaidi ya mara moja, nasi hatutalimaliza katika ukurasa huu. Twasema hili tu: deni la mifupa na deni la majina ni mambo mawili. La pili limeanza kulipwa. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti bin Amrani, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine wa uchimbaji. Wapagazi bado hawajapata jina lolote. Na katika ghala za makumbusho ya Berlin imo hata leo mizigo ambayo haijafunguliwa, imefungwa kwa mianzi ya Lindi, na kamba zake zimekazwa kama zilivyokazwa kilimani zaidi ya miaka 100 iliyopita.