Annie Oakley na Shabaha Iliyo Ngumu Zaidi

Katika historia ya ulengaji shabaha, jina la Annie Oakley halikosi kutajwa. Bingwa huyu alizaliwa tarehe 13 Agosti 1860 katika kaunti ya Darke, jimbo la Ohio, Marekani, akapewa jina la Phoebe Ann. Mnamo mwaka wa 1866 baba yake aliaga dunia, akaiacha jamaa katika lindi la ufukara. Binti huyo alishika bunduki kwa ajili ya tonge. Aliwinda kware na sungura, akawauza, na kwa mapato hayo akalikomboa shamba la mamaye lililokuwa na deni la rehani. Kwa kuwa windo halimngoji mwindaji, mapema alizoea kulenga kinachokwenda.

Katika ujana wake alishindana na Frank Butler, mlengaji wa maonyesho aliyesifika, akamshinda kwa shabaha moja. Butler hakumwonea kijicho. Alimwoa, na hatimaye akamwachia jukwaa, yeye mwenyewe akawa meneja wake.

Enzi hizo walengaji walivunja tufe za kioo zilizorushwa hewani. Tufe hupanda, hutulia kidogo kileleni, kisha hushuka. Mlengaji hodari huingojea kileleni hapo. Mnamo mwaka wa 1880, George Ligowsky wa Cincinnati alipata hataza ya kisahani cha udongo. Kisahani hicho, kikifyatuliwa na mtambo, huruka kwa kasi mithili ya kware aliyekurupushwa, wala hakina kituo. Mlengaji sharti atangulize mtutu pale kitakapofika. Akisita, kimemponyoka.

Annie aliupokea ugumu huo, kisha akauzidisha kwa hiari yake. Akiwa na kundi la maonyesho la Buffalo Bill, alilojiunga nalo mwaka wa 1885, aliilaza bunduki ng'ambo ya meza. Kisahani kilipokwisha kufyatuliwa ndipo aliporuka meza, akaiokota bunduki na kukivunja kabla hakijagusa ardhi. Watazamaji wa London mwaka wa 1887 na wa Paris mwaka wa 1889 walimshangilia.

Mtihani mkubwa zaidi ulimfika nje ya uwanja. Mnamo mwaka wa 1903 magazeti yalieneza habari kwamba alikuwa amekamatwa Chicago kwa wizi uliotokana na uraibu wa kokeini. Aliyekamatwa alikuwa mwanamke mwingine aliyejipachika jina lake. Annie aliyashtaki magazeti 55, akashinda kesi 54. Mashtaka hayo yaliendelea hadi mwaka wa 1910, na gharama zikaimeza fidia, ila heshima yake ilirejea.

Mwaka wa 1922, akiwa amepita umri wa miaka 60, alivunja visahani 100 mfululizo huko North Carolina. Mwaka huohuo ajali ya gari ilimjeruhi vibaya. Hata hivyo alirejea kulenga, mguu ukiwa umeshikizwa kwa chuma. Alifariki tarehe 3 Novemba 1926, na Butler akamfuata baada ya siku 18.

Wengi humsifu kana kwamba hakuwahi kukosa. Alikosa. Katika jaribio moja la siku nzima alilenga tufe 5,000, akavunja 4,772. Zile 228 zilizompita hazikumfanya atafute shabaha nyepesi, na hapo ndipo ulipo ubingwa wake.